Mama, Andika Ulichoshona

Mwenye kushuka mjini Same wakati wa jua kali hawezi kusadiki kwamba juu ya milima ileile watu wanatafuta blanketi la pili. Lakini anayekaa Chome, karibu na kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,462, anajua baridi ya mwezi wa Juni na Julai ilivyo. Ukungu huingia mpaka jikoni, na watoto hulala wamejikunja kama paka.

Ndipo tunapoona thamani ya mfarishi wa viraka. Mama mwenye akili hatupi kitu. Kanga iliyochakaa pembeni bado ina katikati nzima. Shati la baba lililotoboka kiwiko bado lina mgongo. Fundi cherehani anayekaa barazani hufagia vipande kila jioni, na ukimwomba kwa adabu atakuwekea mfuko mzima. Vipande hivyo vikikatwa sawasawa, vikaungwa kwa mpango, vikatiwa pamba au blanketi kuukuu katikati na kitambaa kizima chini, kisha sindano ikapitishwa katika matabaka yote matatu, nyumba imepata vazi la usiku litakalodumu miaka mingi.

Kazi hiyo yajulikana. Jambo tunalotaka kulisema leo ni jingine: kwa nini kazi nzuri kama hiyo ibaki katika nyumba moja, na mwisho izikwe pamoja na mwenyewe? Kuna magazeti yenye kurasa za akina mama, na katika nchi nyingine kuna magazeti yanayoandika habari za mifarishi tu. Yote hula maandishi na michoro ya wasomaji wake kama jiko linavyokula kuni. Je, mama wa Upare hawezi kuyapelekea kuni hizo? Anaweza, akijua njia.

Kuunga vipande si jambo geni

Wengine watasema, “Mambo ya viraka ni ya Wazungu.” Sivyo. Kanga yenyewe, vazi letu la kila siku, inasimuliwa kuwa ilianza kwa kuunga vipande. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizokuwa bado hazijakatwa, wakaziunga kwa sindano hadi zikawa nguo moja pana. Baadaye wafanya biashara wakaona faida, wakaagiza nguo nzima zenye mapambo hayo. Basi, mtengenezaji wa kwanza wa mchoro ule alikuwa mwanamke mwenye sindano, lakini jina lake nani anayelijua? Hakuna aliyeliandika.

Tazameni sasa mahali palipoandikwa. Huko Marekani, gazeti la Kansas City Star lilianza mwaka 1928 kuchapa michoro ya mifarishi, likaendelea mpaka mwaka 1961. Michoro iliyotoka ilizidi 1,000. Wapelekaji wengi walikuwa wake za wakulima, watu wa shambani wenye ng’ombe na mahindi, ambao walichora mfano waliorithi kwa mama zao, wakautia katika bahasha, wakaupeleka posta. Gazeti lilipouchapa, mara nyingi lilitaja jina la mpelekaji na mahali anapokaa. Hata leo washonaji wanaitafuta michoro hiyo na kuishona.

Na katika jimbo la Alabama kuna kijiji kiitwacho Gee’s Bend, cha watu weusi, wazao wa watumwa. Wanawake wake walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa, ili watoto wasife kwa baridi. Mwaka 2002 mifarishi ile ilitundikwa katika nyumba kubwa ya sanaa mjini Houston, kisha New York, na mwaka 2006 Serikali ya Marekani ikatoa stempu za posta zenye picha zake. Walioshona hawakuwa na shule kubwa. Walikuwa na viraka, macho na subira.

Wala sisi Wapare hatukuanza leo kupelekea gazeti habari. Katika miaka ya 1950 Upare mzima, yaani wilaya za leo za Same na Mwanga, ulikuwa na gazeti lake, Habari za Upare, wakati wa kazi ile ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Aliyejifunza herufi alipata kitu cha kusoma, na aliyesoma alitamani kuandika. Tamaa hiyo yafaa irudi.

Bibi na mjukuu

Tuchukue mfano. Tuseme kuna bibi mmoja huko Chome ambaye macho yake yamekuwa hafifu. Mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, amekuja likizo.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Keti. Nitungie uzi katika sindano hii, mimi sioni tena tundu lake.”

“Bibi, mfarishi huu ulifundishwa na nani?”

“Na mama yangu. Vipande tisa, cheusi cheupe, cheusi cheupe. Hauko mahali pengine ila kichwani mwangu.”

“Na ukisahau je?”

Bibi hanyamazi kwa sababu hana jibu. Ananyamaza kwa sababu jibu analijua. Kisha anasema, “Lete daftari lako.”

Wapenzi, nyumba nyingi zina bibi kama huyo, lakini daftari halijaletwa. Kijana anayejua kuandika hajui kushona, na mzee anayejua kushona hajui kuandika. Wakikaa pamoja siku tatu, kazi imeokoka. Wakingoja likizo ijayo, huenda mmoja wao asiwepo.

Vipimo ndiyo roho ya kazi

Sasa tuseme jinsi ya kuandika mchoro. Kosa kubwa la wanaoanza ni kudhani kwamba msomaji anaona walichonacho mkononi. Msomaji haoni kitu ila karatasi. Kila asilolikuta pale, atalikosea.

Tuutazame mfarishi wa bibi yetu. Tofali moja la mfarishi lina vipande tisa, vitatu kwa vitatu. Vya rangi nzito ni vitano, vya rangi nyepesi ni vinne. Kila kipande, kazi ikiisha, kina upana wa sentimita 10, kwa hiyo tofali zima ni sentimita 30 kila upande. Matofali matano kwa mapana na sita kwa marefu hufanya mfarishi wa sentimita 150 kwa 180, na matofali yote ni 30.

Lakini angalieni! Mshono nao unakula kitambaa. Kama mshono unakula sentimita 1 kila upande, yapasa kukata vipande vya sentimita 12, si 10. Mwandishi akiandika “sentimita 10” bila kueleza, msomaji atakata 10, mshono utakula 2, na kila kipande kitabaki 8. Tofali litakuwa 24, na mfarishi mzima utakuwa sentimita 120 kwa 144. Neno moja limesahauliwa, na mtoto wa mtu katika kijiji cha mbali analala miguu nje. Mama yake amekwisha kata nguo, hawezi kuirudisha.

Kwa hiyo andika daima namna mbili: kipimo cha kukata na kipimo cha kazi iliyokwisha. Tena taja hesabu ya vitu vyote. Kwa mfarishi huu vipande vizito ni 150 na vyepesi 120. Kanga moja yenye upana wa sentimita 110 na urefu wa 150 hutoa vipande 9 kwa mapana na 12 kwa marefu, yaani 108. Kanga moja haitoshi, mbili zinatosha. Basi doti moja ya rangi nzito na doti moja ya rangi nyepesi zinatosha kwa upande wa juu, na mabaki yapo. Msomaji akikuta hesabu kama hiyo, anamshukuru mwandishi, kwa maana anajua fedha atakayotoa kabla hajatoka nyumbani.

Ukimaliza kuandika, mpe jirani karatasi yako ashone tofali moja, nawe usiseme neno. Mwangalie tu. Kila mahali atakapokuuliza, “Hapa nifanyeje?” ndipo penye upungufu. Rekebisha hapo.

Kumwandikia mhariri

Kila gazeti lina masharti yake ya kupokea kazi. Yasome kwanza. Anayepeleka habari ya mifarishi kwa gazeti la ng’ombe amepoteza stempu yake. Kisha andika barua fupi, kabla ya kupeleka kazi nzima, namna hii:

“Kwa Mhariri. Mimi ni mshonaji wa Chome, Wilaya ya Same. Nina mchoro wa mfarishi wa vipande tisa nilioupata kwa bibi yangu. Nimeandika vipimo, hesabu ya vitambaa na njia ya kushona hatua kwa hatua, na jirani yangu ameujaribu. Haujachapwa na gazeti jingine. Naambatisha picha mbili. Ukiutaka, nitaupeleka wote. Wako mtiifu.”

Yatosha. Usieleze maisha yako yote, wala usiombe huruma. Mhariri anatafuta kitu cha kuwafaa wasomaji wake.

Picha moja ionyeshe mfarishi mzima, nyingine ionyeshe mshono kwa karibu. Utundike kwenye kamba mahali penye kivuli chenye mwanga, asubuhi, ukiwa umenyooka pembe zote nne. Usiupige picha juani, rangi zitapotea. Usiutandike kitandani, pembe zitajificha. Siku hizi simu ya kijana wa nyumbani inatosha kwa kazi hiyo, na magazeti mengi hupokea barua na picha kwa njia ya intaneti. Aliye mbali na mtandao bado ana posta.

Tena kumbuka wakati. Magazeti ya kazi za mikono hutengenezwa miezi mingi kabla ya kutoka. Habari ya Noeli iliyopelekwa mwezi wa Desemba imechelewa. Na usipeleke kamwe karatasi yako ya pekee. Baki na nakala. Mfarishi wenyewe usiupeleke mpaka uombwe, nawe ujue kwanza nani atakayelipa gharama ya kuurudisha.

Haki na uaminifu

Hapa pana jambo la dhamiri. Mchoro ukiutoa katika kitabu au gazeti la mtu, si wako, hata kama umeushona kwa mikono yako. Ukiunakili na kuuita wako, umeiba, ingawa hakuna aliyekufunga. Kama ni wa bibi yako, sema ni wa bibi yako, na jina lake litajwe. Hupunguziwi kitu. Heshima inakuwa ya wawili.

Nawe pia unalindwa. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 yailinda kazi ya mtungaji maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo kabla ya kukubali, uliza kwa maandishi: Je, gazeti linanunua ruhusa ya kuchapa mara moja, au linanunua kazi yote moja kwa moja? Ukitoa yote, hutaweza kuipeleka pengine. Uliza pia malipo yatatolewa lini, maana magazeti mengine hulipa baada ya kuchapa tu, na mengine hayalipi kitu ila nakala ya gazeti. Si vibaya, mradi ujue mapema. Lakini mtu akikuambia utoe fedha kwanza ili kazi yako ichapwe, simama, ufikiri, umwulize mwenye ujuzi.

Ukijibiwa hapana

Huenda barua itarudi na neno “hapana”. Usiitupe karatasi yako motoni. Labda wamechapa mchoro wa namna hiyo juzi, labda picha ilikuwa na giza. Tengeneza palipoharibika, upeleke kwa mwingine, lakini mmoja baada ya mwingine, si wawili kwa mara moja bila kuwaambia. Haba na haba hujaza kibaba.

Na hata kama hakuna gazeti litakaloupokea, kazi haikupotea. Lile daftari liko nyumbani. Lina vipimo, lina hesabu, lina jina la bibi. Siku sindano itakapomtoka mkononi, mjukuu atajua pa kuanzia.

Basi, akina mama, na ninyi vijana mliosoma, likizo hii msikae bure. Juni haiko mbali, na baridi ya mlimani haina mzaha. Leteni daftari, mketi karibu na mzee, mwulize: “Hiki unakikata sentimita ngapi?”