Kusoma Picha za Mandhari (2): Sungura Wawili wa Bruegel

Makala iliyopita ilihusu michoro ya miambani ya majirani zetu wa Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tuliona watu na wanyama, lakini hatukuona bonde wala upeo wa macho. Leo tumtazame mchoraji aliyehangaika na swali hilohilo: umbali unachorwaje kwa wino mweusi peke yake?

Pieter Bruegel alipokewa katika chama cha wachoraji cha Antwerp mwaka 1551, kisha akasafiri hadi Italia na kuiona milima ya Alpi. Aliporudi alimfanyia kazi mchapishaji Hieronymus Cock. Desturi ilikuwa Bruegel achore kwenye karatasi, na mafundi wengine wauhamishie mchoro kwenye bamba la shaba. Ni bamba moja tu linalojulikana kuwa alilitengeneza kwa mkono wake: "Uwindaji wa Sungura", la mwaka 1560, ambalo chapa yake inakaribia ukubwa wa karatasi ya A4.

Fundi wa kuchonga shaba husukuma patasi kwa nguvu, na mistari yake hutoka mirefu na iliyopangika. Bruegel alitumia tindikali. Bamba hupakwa nta, mchoraji akaikwangua kwa sindano, kisha bamba likatiwa tindikali. Palipokwanguliwa, shaba huliwa na kuacha mfereji wa kushika wino. Kwa kuwa sindano haipambani na shaba, mkono hutembea huru kama wenye kalamu.

Uhuru huo ndio mtindo wa chapa hii. Majani ya mti mkubwa yamejengwa kwa vistari vifupi na nukta, si kwa mistari iliyopishana kwa utaratibu wa kifundi. Karibu nasi wino ni mzito. Kadiri bonde linavyokwenda mbali, mistari inakonda, inakatika, hadi karatasi nyeupe yenyewe inageuka hewa na mwanga.

Ndani ya mandhari hayo mna kisa. Mwindaji analenga sungura wawili kwa upinde wa mtambo, naye nyuma yake ananyemelewa na mtu mwenye mkuki. Wataalamu wengi huihusisha picha na methali ya kale ya Ulaya kwamba afukuzaye sungura wawili hampati hata mmoja. Sisi husema mshika mbili moja humponyoka. Bruegel kaongeza lake: mwenye kuwinda naye anawindwa.

Asiye na chapa hiyo anaweza kuujaribu mtindo wake hapa Ilongero. Asubuhi, miamba ya karibu huonyesha kila ufa. Vilima vya mbali hubaki ukungu tu. Walimu, wapeni wanafunzi penseli na karatasi, wachore jiwe la karibu kwa mistari mizito na kilima cha mbali kwa nukta chache, bila rula na bila kufuta. Wakishafanya hivyo watafahamu kwamba umbali huchorwa kwa kupunguza mistari.

Makala ijayo itaeleza picha za Mombasa na Kilwa zilizochapwa Cologne mwaka 1572 katika kitabu cha Braun na Hogenberg, huyo wa pili akiwa mzaliwa wa Mechelen, si mbali na Antwerp.