Ndege Iliyoanguka Migombani
Jioni moja baada ya Swala ya Alasiri, kijana wa madrasa alinijia hapa Kishanda na ndege yake ya mfano, bawa limevunjika. Baba yake alikwisha kumwamuru aitupe, kwani ni mchezo usio na faida. Nami mwanzoni nilimuunga mkono mzee huyo, sifichi.

Kilichonibadili ni namna alivyoiunda. Mwili ni povu jeupe la kufungashia televisheni; mota ndogo mbili hugeuza mkia, nyingine huzungusha rafadha, zote zikipokea amri kwa mawimbi ya redio. Kabla ya kuirusha, huibeba kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kiasi cha robo ya upana wake kutoka mbele. Ikiinamia nyuma, husogeza betri mbele. Siku ile alisahau: ndege ikainua pua, ikapoteza kasi, ikaanguka migombani.

Nikamsimulia habari za Abbas ibn Firnas wa Andalusia, aliyejirusha kwa mabawa katika karne ya 9. Mwanahistoria al-Maqqari ameandika kwamba aliumia mgongo alipotua, kwa kuwa hakujiwekea mkia.

“Ustadhi, yeye alikosa mkia, wangu ulizidi uzito,” akacheka.

Baba yake nilimweleza majaribio ya mwaka 2018, ndege isiyo na rubani ilipopeleka dawa kisiwani Ukerewe, katika ziwa letu hili, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza gundi inauzwa wapi.

Bawa limeungwa. Ameweka sharti: isirushwe karibu na kiwanja cha ndege cha Bukoba, wala juu ya vichwa vya watu.