Gari Likikosa Nguvu, Kagua Sensa ya Hewa Kabla ya Kununua Nyingine

Wenye magari katika Kaunti ya Kilifi, hasa wanaotumia barabara za vumbi za Ganze, Bamba na Marafa, wanashauriwa kukagua sensa ya hewa mara wanapoona gari likikosa nguvu, likizima ovyo au likinywa petroli kuliko kawaida. Mara nyingi kasoro hii huondolewa kwa kusafisha au kukaza kitu, bila kununua spea. Ikipuuzwa, mwenye gari hupoteza pesa kila anapojaza mafuta, na huenda gari likasimama njiani likimpeleka mgonjwa au mama mja mzito hospitalini.

Kazi ya sensa hii

Injini ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Sensa hukaa kwenye bomba la hewa, baada ya filta. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inapopita, waya hupoa, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake huieleza kompyuta ya gari ni hewa kiasi gani imeingia. Kompyuta hutumia habari hiyo kupima petroli.

Vumbi au mafuta yakiganda kwenye waya huwa kama blanketi. Waya haupoi inavyopasa, kompyuta hudhani hewa ni kidogo, nayo hupunguza petroli. Gari hushtukashtuka na kushindwa kupanda mlima. Sensa ikikosea upande wa pili, petroli huzidi, na moshi mweusi hutoka kwenye ekzosti. Karibu na bahari, chumvi ya hewani nayo hula pini za soketi ya nyaya na kuharibu habari inayofika kwenye kompyuta.

Si magari yote yenye sensa hii. Baadhi hupima shinikizo la hewa kwenye njia ya kuingilia injini badala yake. Muulize fundi kuhusu gari lako.

Hatua za kutafuta kasoro

1. Fungua kisanduku cha filta. Filta iliyoziba, iliyochanika au isiyokaa sawa ibadilishwe. Filta ya karatasi haifuliwi kwa maji.

2. Kagua bomba la mpira kati ya sensa na injini. Ufa mdogo au klipu iliyolegea huingiza hewa isiyopimwa, na dalili zake hufanana na za sensa mbovu. Watu wengi hununua sensa mpya kumbe tatizo ni mpira.

3. Zima injini, chomoa soketi ya sensa na uangalie kama pini zina kutu au nyaya zimekatika.

4. Soketi ikiwa bado imechomolewa, washa injini kwa muda mfupi. Kompyuta itatumia makadirio yake. Gari likinguruma vizuri kuliko awali, sensa au nyaya zake ndizo za kushukiwa. Usisafiri hivyo. Zima injini na urudishe soketi.

5. Mwombe fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Namba P0100 hadi P0103 huhusu sensa hii na nyaya zake. P0171 humaanisha petroli ni kidogo kulingana na hewa, na huweza kuletwa na ufa wa bomba. Injini ya lita 1.5 iliyopata moto, gari likiwa limesimama, kwa kawaida huonyesha takriban gramu 2 hadi 4 za hewa kwa sekunde. Ukikanyaga mafuta, kipimo kinapaswa kupanda bila kukwama.

Kusafisha

Zima injini, toa ufunguo na usubiri ipoe. Chomoa soketi, fungua skrubu na utoe sensa taratibu. Nyunyizia dawa maalumu ya kusafishia sensa ya hewa, ambayo hukauka bila kuacha mabaki. Usitumie petroli, dawa ya kabureta, brashi, kitambaa wala upepo wa kompresa, kwa kuwa waya hukatika kwa urahisi. Acha ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Kisha fundi afute namba za kasoro, gari lijaribiwe barabarani, na kipimo kisomwe upya.

Kipimo kikibaki kibaya ilhali filta, bomba na nyaya ni nzima, sasa ndipo sensa inunuliwe. Linganisha namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani na ile mpya, kwa sababu sensa mbili zinaweza kufanana kwa umbo na zikapima tofauti. Dai risiti.

Kinga

Anayepita barabara za vumbi aangalie filta mapema kuliko anayebaki kwenye lami. Wakati wa mvua, aliyevuka maji mengi akague kama kisanduku cha filta kimelowa. Filta zinazopakwa oili zisilowanishwe kupita kiasi, kwani oili hiyo hufika kwenye waya.

Mwenye gari ana haki ya kumwomba makanika amwonyeshe kipimo kabla ya kulipia spea. Fundi mwenye cheti cha majaribio ya ufundi cha Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, anatarajiwa kueleza anachobadilisha na sababu yake.