Kasuku wa Kienyeji kwa Banda la Uani: Wepi Wasiomchosha Mfugaji

Mwanachama anayetaka kuweka banda la kasuku uani mwake kwa kawaida huanza kwa kumtamani ndege mkubwa asemaye, na fikira zake humwendea kasuku wa kijivu, ndege wa misitu ya Afrika ya Kati ambaye makazi yake ya asili hufika Uganda na magharibi mwa Kenya. Yafaa fikira hizo ziachwe mapema. Kasuku huyo huweza kuishi miaka 40 na zaidi, yaani hurithiwa kama shamba. Hutaka mwenzi kila siku, na akiachwa mpweke hujinyonyoa manyoya mpaka ngozi ikaonekana. Tena, tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu walionaswa porini imepigwa marufuku chini ya Mkataba wa CITES. Mkulima mwenye palizi na mikutano ya chama hana nafasi ya mzigo wa namna hiyo.

Walio wepesi kufugwa ni kasuku wadogo waitwao cherero, na Tanzania imejaliwa aina mbili ambazo asili yake ni humo. Ya kwanza ni cherero wa Fischer, mwenye mwili wa kijani, uso wa rangi ya machungwa na mdomo mwekundu. Nchi yake ni kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria, hadi Serengeti. Wakulima wa uwele na mahindi wa huko wanamfahamu vema, wala si kwa mapenzi. Ya pili ni cherero mwenye kichwa cheusi na ukosi wa njano, apatikanaye Tarangire na nyanda kavu za Tanzania ya kati. Wote wana duara jeupe la ngozi kulizunguka jicho, na urefu wao ni sentimeta 15 hivi.

Wepesi wao watokana na asili yao. Ni ndege wa nchi kavu walao mbegu, kwa hiyo uwele, mtama na ulezi vyatosha kuwa msingi wa chakula chao, pamoja na mchicha, majani mateke na mahindi mabichi. Alizeti wapewe kidogo tu, maana huwanenepesha. Maganda ya mayai yaliyokaushwa motoni na kupondwa huwapatia chokaa. Maji safi ni ya lazima kila siku, kwani hata porini hawakai mbali nayo. Parachichi wasipewe kabisa: ni sumu kwa kasuku.

Wako pia kwaru, kasuku wa kahawia wakubwa kidogo kuliko cherero. Hao ni wapole wakizaliwa bandani, lakini aliyenaswa porini hubaki na woga kwa muda mrefu. Anayeanza afadhali asianze nao.

Jambo linalohitaji uamuzi thabiti ni hili: mfugaji achague aina moja ya cherero, asichanganye. Aina hizi mbili zikiwekwa pamoja hupandana na kuzaa machotara. Kando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako hakuna aina hata moja kati ya hizi iliyokuwapo kwa asili, ndege waliotoroka au kuachiliwa wamechanganyika hivyo, na leo ni vigumu kumtambua aliye halisi. Banda la uani lenye mlango mbovu laweza kuanzisha jambo hilo hilo.

Pili ni mahali ndege walikotoka. Katika miaka ya 1980 cherero wa Fischer walinaswa na kuuzwa ng'ambo kwa wingi mno, hata wakapungua katika nchi yao wenyewe. Kumnunua ndege kwa mtegaji wa njiani ni kuendeleza upungufu huo, na ni kujitia matatani na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mwanachama wa Tanzania aulize kwanza katika ofisi ya wanyamapori ya wilaya yake masharti ya kibali, kisha atafute ndege waliozaliwa bandani.

Dume na jike wa cherero hufanana kwa rangi. Wengi hununua "jozi" ambayo kumbe ni majike mawili, yakataga mayai mengi yasiyoanguliwa hata moja. Dawa yake ni kununua ndege wachanga wanne au sita na kuwaacha wachaguane. Majike hugombania viota, hivyo masanduku ya kutagia yazidi idadi ya jozi, nayo yatundikwe kimo kimoja. Ndani wawekewe magome na vijiti; watajenga wenyewe. Mayai huatamiwa kwa siku 23 hivi.

Banda liwe refu kuliko kimo chake, kwa kuwa ndege huruka kwenda mbele. Matundu ya wavu yasizidi nusu inchi, ili panya na nyoka wasipenye. Waya mpya wa mabati usuguliwe kwa siki na kusuuzwa kabla ya kutumika, kwa sababu zinki yake huwadhuru watafunao. Mbao zitatafunwa, hilo halizuiliki. Wapewe matawi mabichi ili waiache fremu. Milango iwe miwili, mmoja nyuma ya mwingine.

Banda lisipakane na la kuku. Mdondo, uitwao pia kideri, hupita kati ya kuku na kasuku. Kinyesi kikavu kinyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, kwani vumbi lake laweza kumwambukiza mtu homa ya kasuku, inayoshika mapafu. Chama chenye wafugaji kadhaa kingefanya vema kumwachia Katibu daftari moja la kuandika kila ndege, mahali alikonunuliwa, namba ya kibali na tarehe ya kuzaliwa, ili ndugu wa tumbo moja wasije wakauziana kama jozi kati ya wanachama.