Manukato ya Machipuko: Ua Lisilotoa Mafuta (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyopita ilihusu maua yanayokubali kukamuliwa: asumini na mawaridi ya Grasse, kusini mwa Ufaransa, maua ya mchungwa, na mlangilangi ambao Wakomoro huukeneka kwa madaraja, mafuta ya mwanzo yakiuzwa ghali kuliko yanayofuata. Aliyeisoma huenda akadhani kwamba manukato mepesi ya machipuko, yale yanayojaa madukani Ulaya kila baridi inapoondoka, hupatikana kwa njia hiyohiyo: maua yanachumwa, yanakenekwa, mafuta yanatiwa chupani. Sivyo. Maua kadhaa yanayobeba sifa ya majira hayo, kama lilaki ya zambarau na lile ua dogo jeupe ambalo Wafaransa huliita muguet, hayatoi mafuta ya kutosha biashara, na hayo machache hayafanani na harufu ya ua likiwa bado shinani. Mafundi wa Ufaransa huyaita maua bubu. Hoja yangu ni kwamba ububu huo ndio uliolazimisha uundaji wa manukato kuwa kazi ya utunzi, na kwamba manukato mepesi ya machipuko, ambayo wengi huyadharau kuwa mchezo wa wasichana, yanaithibitisha hoja hii waziwazi kuliko udi au miski.

Tuanze na muguet. Ni mmea mfupi wa misituni, wenye majani mawili mapana na kikonyo kinachoning'iniza vikengele vyeupe. Jina lake la kisayansi, Convallaria majalis, linautaja mwezi wa Mei, na kweli kila Mei Mosi Wafaransa hupeana vishada vyake kwa kutakiana heri. Harufu yake ni ya ubichi, yenye ubaridi wa asubuhi na utamu wa mbali unaokaribia ndimu. Ukiyatia maua hayo katika mtambo wa kukeneka, joto la mvuke huiharibu harufu hiyo na unachokusanya ni kidogo mno. Ukiyaloweka katika kiyeyusho, unabaki na kitu kizito kinachonuka majani kuliko ua. Waridi lenyewe ni ghali, maana huhitaji tani tatu hadi tano za petali kupata kilo moja ya mafuta, na asumini hudai mamia ya kilo za maua kwa kilo moja. Hesabu hizo zinaumiza, lakini mfanyabiashara anaweza kuzifanya na akapata faida. Kwa muguet hakuna hesabu ya kufanya.

Njia ya kuzunguka ilipatikana mwanzoni mwa karne ya 20, tena kutoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Kuna nyasi za Java na Sri Lanka, ndugu wa mchaichai wetu, ambazo mafuta yake, sitronela, hutumika kufukuzia mbu. Ndani ya mafuta hayo mna kitu kiitwacho sitronelali, chenye harufu kali ya ndimu. Wanakemia walipoiongezea molekuli yake maji, ukali ule ulitulia, na badala yake ikatokea harufu laini yenye unyevu ambayo wanusaji waliifananisha mara moja na muguet. Kitu hicho kipya, haidroksisitronelali, kiliwapa watunzi sauti ya ua ambalo halikuwahi kusema. Mwaka 1912 Robert Bienaimé alikitumia katika Quelques Fleurs ya nyumba ya Houbigant, manukato yaliyounganisha maua mengi pasipo ua moja kutawala, na mtindo huo haujafa hadi leo. Baadaye maabara zilileta molekuli nyingine za jamii hiyo, maarufu zaidi zikiwa Lilial na Lyral, ambazo hazipatikani katika mmea wowote duniani.

Lakini molekuli peke yake haikutosha, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tangu 1912 kila mtunzi aliweza kuinunua haidroksisitronelali, na manukato ya muguet yalikuwa mengi. Yanayotajwa kuwa kipeo chake yalitokea mwaka 1956, nayo ni Diorissimo. Christian Dior, mshonaji mashuhuri wa Paris, alilipenda ua hili kiasi cha kulishonea ndani ya pindo za magauni yake kwa kutafuta bahati, na mwaka 1954 mavazi yake ya machipuko aliyapa jina la muguet. Aliyemtungia manukato ni Edmond Roudnitska, mzaliwa wa Nice, aliyeishi Cabris katika vilima vilivyo juu ya Grasse. Mtu huyu ndiye aliyekuwa ametunga Femme ya Rochas mwaka 1944, manukato mazito yenye utamu wa matunda yaliyoiva, kwa hiyo hakuuchagua wepesi kwa kushindwa uzito. Aliona kwamba fani imelemewa na viambato vingi vinavyozibana pumzi. Akapanda muguet katika bustani yake, awe analinusa likiwa hai, siku baada ya siku, kisha akarudi mezani na kupunguza. Kwenye msingi wa haidroksisitronelali alijenga ubichi wa majani, asumini kiasi, mlangilangi kiasi, na indoli kwa chembe tu. Indoli ni kitu cha ajabu: imo ndani ya asumini ambayo bibi harusi wa Pwani huvaa kichwani, na imo pia ndani ya kinyesi. Ikizidi inakirihi, ikikosekana ua linanukia kama sabuni.

Tunajuaje kwamba mafanikio hayo yalitokana na utunzi? Ushahidi ulikuja baadaye. Kuanzia miaka ya 1970, Roman Kaiser wa kampuni ya Givaudan nchini Uswisi alikuwa miongoni mwa waliokuza mbinu ya kulifunika ua hai kwa chombo cha kioo, kuivuta hewa inayolizunguka na kuichambua hadi kujua kila kitu kilichomo. Kwa mbinu hiyo maua bubu yalianza kusema. Katika hewa ya muguet mna linaloli, sitroneloli, geranioli, alkoholi ya benzili na vingine vidogovidogo. Haidroksisitronelali, iliyobeba sifa ya ua hili kwa zaidi ya nusu karne, si miongoni mwa vitu vikuu ambavyo ua lenyewe hutoa. Maana yake ni kwamba Roudnitska alilifikia ua kwa kupita mlango usio wa ua. Kufanana kulitokana na uwiano wa vitu na mpangilio wake wa kupaa hewani, yaani kipi kinusike kwanza, kipi kisubiri na kipi kibaki mwisho. Wala muguet si peke yake. Harufu ya lilaki hujengwa kwa terpineoli, ambayo huweza kutengenezwa kutokana na tapentaini ya misonobari. Harufu ya kanesheni, ua linalolimwa Kenya kwa ajili ya soko la Ulaya, hujengwa juu ya eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Mtu wa Pemba akiinusa L'Air du Temps, iliyotungwa na Francis Fabron mwaka 1948 kwa ajili ya nyumba ya Nina Ricci, huenda akasikia jirani yake humo ndani.

Pingamizi la kwanza ni la uaminifu: ikiwa ua halimo, kuliita ua si udanganyifu? Pingamizi hili lina haki yake upande mmoja. Boksi lenye picha ya shamba la maua, na maneno yanayodokeza kwamba petali zimekamuliwa humo, linampotosha mnunuzi, na sioni sababu ya kulitetea. Hali ni mbaya zaidi kwa manukato ya sakura, cheri ya Kijapani, kwa kuwa aina inayopandwa zaidi, Somei Yoshino, hainukii kwa kiasi cha kutajika. Harufu ambayo Wajapani wengi huihusisha na sakura hutoka katika majani yake yaliyotiwa chumvi ya kufungia vitumbua vya mchele, chumvi ikiwa imeizalisha kumarini ndani yake. Hata hivyo kosa la tangazo si kosa la manukato. Mchoraji wa ua hatakiwi kusaga petali katika rangi yake, na hakuna anayemwita mwongo. Tunamuuliza kama ameliona ua vizuri na kama ametufanya tulione. Mtunga manukato astahili kuulizwa hivyohivyo.

Pingamizi la pili husikika zaidi siku hizi, kwamba cha asili ni salama na cha maabara ni sumu. Ningelipa uzito zaidi kama muguet lenyewe lisingekuwa sumu. Mmea mzima, hata maji ya chombo ulimowekwa, una vitu vinavyovuruga mapigo ya moyo, na madaktari hulijua kwa hilo. Mafuta ya bergamoti, yanayoyapa manukato mengi mepesi mwanga wake wa mwanzo, yanaweza kuunguza ngozi inayopigwa na jua yasipoondolewa bergapteni. Na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017 iliyoipiga marufuku Lyral kwa sababu ya mzio, iliwapiga marufuku pamoja nayo watuhumiwa wawili wanaotoka katika kuvumwani (lichen) za miti ya mwaloni, atranoli na kloroatranoli, ambao ni wa asili kabisa. Upande wa pili nao hauna pa kujificha: Lilial ilipigwa marufuku katika vipodozi vya Ulaya tangu Machi 2022, kwa kuwa iliainishwa kuwa hatari kwa uzazi, na haidroksisitronelali yenyewe ina mipaka ya kiasi na lazima itajwe kwenye lebo. Kinachopimwa ni kila kitu kwa jina lake na kwa kiasi chake. Asili yake haipunguzi wala haiongezi kitu. Isitoshe, marufuku hizo zilituachia jaribio ambalo hakuna mwanasayansi angelipanga vizuri zaidi. Watunzi walilazimika kuziondoa Lilial na Lyral na kuijenga upya harufu ya muguet kwa vitu vingine. Ugumu ulikuwepo, na wapenzi wa matoleo ya zamani bado wananung'unika, lakini muguet bado lipo madukani. Kama harufu ingekuwa mali ya molekuli moja, ingekufa nayo.

Msomaji wa Pwani atakuwa na lake, na si dogo: manukato haya hayadumu. Aliyezoea udi unaoganda kwenye kanga hadi kesho yake, au mafuta ya attari kutoka Ghuba yasiyotiwa spiriti, ataona kwamba ananunua upepo. Ni kweli yanapotea mapema, na sababu ni ya kimaumbile: molekuli zinazotoa ubichi na mwanga ni ndogo na hupaa haraka, na kadiri joto linavyozidi ndivyo zinavyokimbia. Tena maji ya kujipulizia ya daraja jepesi huwa na kiasi cha asilimia 5 hadi 15 tu ya manukato, sehemu kubwa iliyobaki ikiwa spiriti. Anayetafuta kudumu anunue kingine. Lakini kudumu hakujawahi kuwa kipimo pekee hata kwetu. Kikuba cha asumini, mlangilangi na rihani husukwa kwa ajili ya usiku mmoja, asubuhi kimenyauka, na hakuna anayekiita hasara, ingawa udi upo chumba hichohicho. Huko Oman kwenyewe, nyumba ya Amouage ilipoanzishwa mwaka 1983, manukato yake ya kwanza, Gold, yaliyotungwa na Mfaransa Guy Robert, yaliliweka muguet pamoja na ubani. Mzito na mwepesi walikaa chupa moja, na mwepesi hakuonekana mgeni.

Linabaki pingamizi ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Kama kila kitu ni molekuli, na mashine inaweza kuzihesabu, mtunzi anahitajika kwa kazi gani? Maabara leo inaweza kuichambua chupa ya Diorissimo na kutoa orodha ya vilivyomo na viwango vyake kwa karibu sana, na wanaoiga manukato huishi kwa kufanya hivyo. Ila orodha ya viungo haikuwahi kupika pilau. Mashine huhesabu kilichokwisha kuamuliwa. Haikuamua kwamba indoli iishie hapa, wala kwamba asumini isizidi pale ikalifunika ua. Roudnitska aliitetea hoja hii kwa kitabu kizima mwaka 1977, akidai kwamba pua ni mlango wa sanaa sawa na sikio na jicho. Mahakama zilipoulizwa hazikukubaliana. Tarehe 13 Juni 2006 mahakama ya juu ya Ufaransa, nchi ya Grasse na ya Dior, ilisema kwamba harufu ya manukato ni matokeo ya ujuzi wa kazi tu, hivyo haina haki ya mwandishi. Siku tatu baadaye mahakama ya juu ya Uholanzi, katika kesi ya manukato ya Trésor ya Lancôme, ilisema kwamba harufu inaweza kulindwa kama kazi ya ubunifu. Ushahidi wa muguet unaniegemeza upande wa Waholanzi. Lakini uamuzi wao unazaa swali ambalo halijibiwi kwa kulipenda ua: hakimu ataichoraje mipaka ya kitu kinachobadilika kila dakika tangu kilipoigusa ngozi, na kinachonukia hivi kwa huyu na vile kwa yule? Hilo ndilo la sehemu ijayo.