Sharon, msafiri mweusi aliyeitangulia televisheni

Barabara ya Stratford, inapokatiza mtaa wa Sparkhill mjini Birmingham, hupita mbele ya jengo la matofali mekundu lenye mnara wa saa, lililofanywa maktaba mwaka 1923.

Mtaa huo ni makazi ya familia nyingi zenye asili ya Pakistan, Somalia na Yemen. Kwa muda mrefu, hadithi za safari za anga za juu hazikuwa na shujaa anayefanana na watoto wa mitaa kama hiyo.

Hata hivyo, mkusanyiko mmoja wa katuni unathibitisha kwamba karatasi ilithubutu mapema zaidi kuliko kamera.

Mkusanyiko huo, The Iron Legion, ulitolewa na kampuni ya Panini mwaka 2004. Una hadithi zilizochapishwa kwanza katika Doctor Who Weekly, jarida la tawi la Uingereza la kampuni ya Marvel, lililoanza Oktoba 1979.

Chimbuko lake ni Doctor Who, mfululizo wa televisheni wa BBC ulioanza Novemba 1963. Mhusika mkuu, Daktari, husafiri katika nyakati na sayari, na anapokaribia kufa hugeuka mtu mwingine. Ndiyo sababu waigizaji wake hubadilika.

Mnamo 1980 jarida hilo lilichapisha The Star Beast, hadithi iliyotajwa kuwa ya Pat Mills na John Wagner, na kuchorwa na Dave Gibbons. Humo yumo Sharon, msichana mweusi wa shule katika mji wa kubuni wa viwanda uitwao Blackcastle.

Sharon na rafiki yake wanamficha kiumbe mdogo mwenye manyoya, anayewindwa na majitu ya kutisha. Kumbe mkimbizi huyo mpole ni dhalimu, na wale wa kutisha ndio askari wa sheria. Hadithi inapokwisha, Sharon anaondoka na Daktari. Hakuna msafiri mweusi wa aina hiyo aliyemtangulia, si kwenye katuni wala kwenye televisheni.

Wino mweusi haumgharimu mchoraji zaidi. Hatafuti mwigizaji, wala hahofii idadi ya watazamaji.

Hoteli moja, mwaka mmoja

Uzito wa uamuzi huo unaonekana mtu akikumbuka hali ya Birmingham miaka 12 kabla yake.

Machi 1968 ilianza kutumika sheria ya Uingereza iliyokusudiwa kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza wasiingie nchini kwa wingi. Aprili 20 mwaka huo, mbunge Enoch Powell alitoa hotuba yake mashuhuri dhidi ya wahamiaji katika hoteli ya Midland, katikati ya jiji.

Mwishoni mwa Agosti, katika hoteli hiyo hiyo, wapenzi wa katuni walifanya kongamano lao la kwanza nchini Uingereza. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayosema mengi kuhusu jiji hilo.

Televisheni ilichelewa. Ni mwaka 2007 ambapo Freema Agyeman, ambaye baba yake ni Mghana, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa msafiri mwenza wa kudumu wa Daktari.

Novemba 2023, mfululizo ulipotimiza miaka 60, The Star Beast yenyewe ilifanywa kipindi cha televisheni. Mwezi uliofuata Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali mwaka 1992 na kukulia Scotland baada ya familia yake kuikimbia Rwanda mwaka 1994, alianza kuigiza kama Daktari. Aliiacha nafasi hiyo Mei 2025.

Katika kipindi hicho cha 2023 kiumbe mwenye manyoya alirejea, lakini Sharon hakuwamo. Nafasi yake ilichukuliwa na Rose Noble, aliyeigizwa na Yasmin Finney.

Jarida nalo halikumtendea Sharon haki kikamilifu. Katika hadithi moja anazeeshwa miaka minne kwa ghafla, na punde si punde anaachwa kwenye sayari ya mbali ili aolewe. Kuagana huko hakumo katika The Iron Legion; atakaye kukusoma atafute mkusanyiko unaofuata, Dragon's Claw.

Kumudu vitabu hivyo ni suala jingine. Septemba 2023 baraza la jiji la Birmingham lilitangaza kwamba mapato yake hayatoshelezi matumizi, na maktaba zikawa miongoni mwa huduma zilizopunguziwa fedha.