Kila mwezi na kazi yake
Jamaa moja ya Walungu inavyoishi kwa bustani, akiba na dawa za nyumbani

Wengi wetu tunajua mwezi wa kumi unavyokuwa. Mvua imeanza, mbegu ziko udongoni, watoto wamerudi masomo, na ghala ni tupu. Maharagi tuliyouzisha mwezi wa sita tunayakuta sokoni, na bei yake imepanda.

«Tulikuwa tunanunua maharagi yetu wenyewe,» anasema mama mmoja memba wa koperative huko Walungu, Kivu ya Kusini. «Shamba halikukataa. Ni sisi tuliuzisha yote siku moja, juu ya pesa ya masomo na deni. Kisha njala ikatukuta.»

Mama huyu ametuomba tusiandike jina lake, na mbele kidogo mtaona sababu. Anaishi na mume wake, watoto watano na mama mkwe, ambaye wote nyumbani wanamwita Koko. Shamba lao ni dogo kama ya wengi kule kwenye vilima, na hawakuliongeza. Kilichobadilika ni namna ya kupanga mwaka. «Koko alikuwa ananiambia: wewe unalimaka sana, lakini hauwekake. Mi nilikuwa nasikia kama ni maneno ya wazee tu.»

Kugawanya kwanza, kuuzisha nyuma

Sasa, maharagi yakitoka shambani, hakuna anayeyagusa mpaka baba, mama na Koko wakae pamoja. Mavuno ya sezoni B iliyopita yalikuwa mabasini 12. Waliyagawanya hivi: 2 ya mbegu, 5 ya kula, 5 ya kuuzisha kupitia koperative. Pesa ya masomo ilitoka katika yale 5 ya mwisho. Ile iliyopungua, mume aliitafuta kwa kazi ya kujenga wakati wa kiangazi. Fungu la kula halikuguswa.

Lakini maharagi yanayowekwa vibaya yanaliwa na wadudu kabla ya watu. Jamaa hii inafuata hatua tatu:

– Wanakausha maharagi juu ya bashi safi, si juu ya udongo, na wanayaingiza ndani kabla ya umande wa jioni.
– Wanapima ukavu kwa chumvi. Ndani ya chupa kavu wanatia konzi ya maharagi na chumvi kavu kidogo, wanafunga na kutikisa, kisha wanaacha dakika kumi. Chumvi ikishika kwenye chupa, maharagi bado yana maji, yarudi juani.
– Wanayatia ndani ya bidoni kavu, wanaijaza mpaka mdomoni na kuifunga sana. Wadudu waliomo wanamaliza hewa na kufa. Bidoni iliyojaa nusu haisaidii, kwa sababu hewa inabaki nyingi. Na ukifungua kila siku, unawarudishia hewa.

Bidoni ya mbegu ina alama yake. Hata siku ya njala, ile haifunguliwe.

Mwaka wa nyumba

Tulimuuliza mama kama ana kalenda. Alicheka, akatuonyesha ukuta wa jikoni, ambako mtoto mkubwa ameandika kwa makaa.

Mwezi wa kwanza: kumaliza kuvuna sezoni A, kukausha, kugawanya. Mwezi wa pili na wa tatu: kupanda sezoni B. Mwezi wa nne na wa tano: mvua ni nyingi na mboga ziko kila pahali, ni wakati wa kula mbichi na kuanza kukausha jua likitokea. Mwezi wa sita: mavuno. Wa saba na wa nane: kiangazi, kukausha muhogo na mboga, kumwagilia bustani ya bondeni, kutengeneza mbolea. Wa tisa: kupanda sezoni A. Wa kumi na wa kumi na moja: kufungua akiba. Wa kumi na mbili: kuanza kuvuna tena.

«Zamani nilikuwa nakimbia kila siku, na kila siku nilikuwa nimechelewa,» anasema. «Sasa kila mwezi una kazi yake. Hata kupumzika kuko: mwezi ya saba jioni tunakaa, tunaambua maharagi, Koko anatutolea hadisi.»

Mboga za mvua, kuzikula wakati wa ukavu

Nyuma ya nyumba kuna bustani ya lenga-lenga, matembele, vitunguu na nyanya. Wakati wa mvua mboga zinazidi na sokoni hazina bei. Badala ya kuzitupa, mama anakausha.

Anachuma asubuhi umande ukishakauka. Anaosha kwa maji safi, anachovya majani katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, anayatoa na kuyaacha yachuruzike. Kisha anayatandika kwenye kitanda cha matete kilichoinuliwa, chini ya kivuli chenye upepo, na kufunika kwa chandarua cha zamani kilichooshwa sana, kisichokuwa na dawa, ili inzi wasikae.

Kwa nini kivuli? Kwa sababu jua kali linaharibu vitamini A, ile inayolinda macho na miili ya watoto. Majani yakivunjika kama karatasi mkononi, yako tayari. Yanaingia ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na mwanga. Kikapu kizima kinakuwa konzi chache tu, lakini siku ya kupika yanaloweshwa na kuongezeka tena.

Jambo moja la kuangalia: mboga zenye maji zisifungwe ndani ya chupa ya kioo bila hewa ili zikae miezi. Humo kunaweza kutokea sumu ambayo haionekani wala hainuki, na inaua. Kwa mboga za majani, kukausha ndiyo njia yetu.

Muhogo mchungu hautaki haraka

Hapa Koko ndiye anayesimamia, na hakubali mchezo. Muhogo mchungu unamenywa, unaloweshwa usiku tatu mpaka ulainike, ndipo unavunjwa na kukaushwa. Mnunuzi akija na gari na kusema usiku mmoja unatosha, anajibiwa arudi kesho kutwa.

Sababu yake ni kubwa. Muhogo mchungu una sumu, na ni maji na muda vinavyoiondoa. Kule Kwango, katika inchi yetu hii, mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa ambao wenyeji walikuwa wakiuita konzo: mtu analala mzima, anaamka miguu imekazika, na haiponi tena. Wanaoshikwa zaidi ni watoto na wamama. Unatokea pale watu wanapokula muhogo mchungu uliofupishiwa siku za kuloweka, wiki nyingi, karibu bila maharagi, samaki wala nyama. Kwa hiyo yale mabasini 5 ya maharagi na ndagala kidogo ndani ya sombe ni kinga pia, si shibe tu.

Je, kama umenunua unga na hujui uliloweshwa siku ngapi? Kuna njia iliyotumiwa na wamama wa Popokabaka, Kwango. Changanya unga na maji mpaka uwe kama uji mzito, utandaze mwembamba, usipite unene wa kidole kimoja, kwenye sinia au bashi safi. Acha saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu itoke hewani. Kisha pika bugali siku hiyo hiyo. Njia hii haichukui nafasi ya kuloweka, inaongeza usalama.

Na sombe? Itwangwe sana, ichemke muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.

Bustani ya dawa, na mpaka wake

Karibu na mlango kuna mchaichai, tangawizi, mubirizi na shubiri. Mchaichai na tangawizi ni vya chai ya asubuhi na ya mafua. Utomvu wa shubiri unapakwa pale moto ulipogusa ngozi kidogo, baada ya kuipoza kwa maji safi. Mubirizi, Koko anautumia kwa tumbo la watu wazima. Mwenye mimba hapewi.

Ni kuhusu mubirizi mama aliomba jina lake lifichwe. Mwaka jana mtoto wake wa miaka minne alishikwa na homa. Siku mbili walimpa maji ya mubirizi. Siku ya tatu macho yaligeuka, mwili ukaanza kukakamaa. Mume alimbeba kwa pikipiki usiku. Malaria ilikuwa imefika mbali, damu imepungua, ikabidi atiwe damu ya mtu mwingine.

«Alipona, Mungu asifiwe. Lakini nilikaa pale hospitali nikijiuliza: siku mbili nilikuwa nangojea nini?»

Koko hakuung'oa mubirizi. Ila sasa nyumba ina sheria: homa ya mtoto au ya mwenye mimba, siku ile ile ni kwa reko wa kijiji au kituo cha afya, kupimwa na kupewa dawa kamili. Hata chai ya artemisia, ambayo wengi wetu wanaipanda, Shirika la Afya Ulimwenguni halikubali itumiwe kutibu wala kuzuia malaria: dawa iliyomo haina kipimo kinachojulikana, na mara nyingi ni kidogo.

Na mtoto akiharisha, cha kwanza ni maji ya kumrudishia nguvu. Pakiti ya SRO ikikosekana: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anywe kidogo kidogo, huku mkitafuta kituo.

Ya kuzungumza mkutanoni

Katika mkutano ujao wa koperative, mjiulize maneno haya matatu. Kwetu, nani anaamua maharagi mangapi yauzishwe, na mama yupo siku ya kuamua? Tuna bidoni ngapi za kuweka akiba, na koperative inaweza kununua nyingi pamoja kwa bei ya chini? Muhogo tunaouzisha umelala majini usiku ngapi?

Tulipokuwa tunaaga, mama alitufungia majani makavu ya lenga-lenga ndani ya karatasi. «Ni ya mwezi ya kumi,» akasema. «Musiyakule mbele.»